Jamvi la Bi Mwanahawa

Wadogo zangu mnaosomea usanifu wa majengo, na nyie mliokwisha kumaliza mkavaa majoho na kupiga picha na mashangazi zenu, mkinikuta Likombe nimepakaa saruji mpaka kwenye nyusi huwa mnaniuliza, "Dada Somoe, ni kweli wewe ulikuwa mchora ramani?" Ni kweli. Nilichora, na sasa nimestaafu. Najua mstaafu asiye na hata unywele mmoja mweupe anachekesha. Mume wangu hunitania kwamba pensheni yangu niende nikaidai kwa kinyozi. Lakini kazi niliianza mapema, nilipotoka tu kidato cha nne na kozi fupi ya ufundi, na nilipoiacha niliiacha ningali naipenda. Niliota siku moja kwamba kuta za Mtwara nzima zinapumua. Nilipoamka nikamwambia mume wangu tununue kalibu, tuanze kufyatua matofali ya matundu. Mimi ndivyo nilivyo. Shule yangu ilikuwa ndogo, ikabidi ndoto ziwe kubwa kufidia.

Nimeona niwaandikie kwa sababu mnakuja hapa kiwandani kwangu (mimi nakiita kiwanda, jirani zangu wanakiita uani) kutazama matofali, na badala ya kuyanunua mnayakalia na kuanza kuhuzunika.

Juzi alikuja mmoja wenu, kijana mzuri, shati limepigwa pasi. Akakaa juu ya rundo.

"Dada Somoe, mimi nimefeli."

"Umefeli nini na shahada unayo?"

"Wenzangu niliomaliza nao wako Dar wanachora maghorofa. Wakiweka picha watu wanawapongeza mpaka simu inaishiwa chaji. Mimi tangu nifike Mtwara nimechora matundu ya vyoo vya shule."

"Basi tuko chama kimoja," nikamwambia. "Na mimi nakula kwa matundu."

Hakucheka. Nikamwuliza kama aliwahi kusoma shule yenye choo kibovu. Akasema ndiyo, alikuwa akijibana mpaka arudi nyumbani. Nikamwambia, "Sasa kuna mtoto huko kijijini Mpapura leo hatajibana. Hatakupongeza kwenye simu, kwa sababu simu hana. Atatoka chooni uso umetulia, arudi darasani, na kwa mara ya kwanza atasikia mwalimu anasema nini." Hapo akacheka, lakini kilikuwa kicheko cha adabu, cha mtu anayemheshimu dada mwenye saruji usoni. Hakuniamini hata kidogo. Kwa hiyo namsimulia yeye, na nyie wenzake, habari za Deo, msanifu niliyefanya naye kazi, na nyumba aliyomchorea Bi Mwanahawa.

Ofisi yetu ilikuwa Chikongola, juu ya duka la vitenge. Ngazi yake kila kidato kilikuwa na kimo chake, mpaka wateja walikuwa wakifika juu wanahema na kuuliza kama kweli hapa ndipo majengo yanapochorwa. Mwenye ofisi alikuwa Mzee Anselmi, Mhaya aliyeletwa kusini na kazi ya serikali, akastaafu, akakataa kurudi Bukoba kwa madai kwamba tumbo lake limekwisha kuzoea korosho. Huyo ndiye aliyenifundisha kushika kalamu.

Alikuwa na tabia moja. Mteja akija na kiwanja chake, kabla ya kuuliza vyumba vingapi, Mzee Anselmi aliuliza, "Kuku watalala wapi?" Mimi nilidhani ni mzaha wa kumfurahisha mteja, mpaka nilipoona majiko mangapi ya hapa mjini yamegeuka mabanda. "Mwenye nyumba atakwambia anataka sebule kubwa," alikuwa akinieleza. "Kuku hasemi. Angalia sana wasiosema, Somoe, maana hao ndio watakaokurekebishia ramani." Mpaka leo nikiona mchoro mzuri jicho langu linakwenda uani kutafuta kuku.

Siku hizo bado tulikuwa tukichora kwa mkono, kwenye karatasi nyepesi zinazoonyesha upande wa pili, halafu tunazipitisha kwenye mashine ya nakala. Basi kuna siku karatasi iliingia mashineni imegeuka. Nyumba ya karani mmoja wa bandarini, kapera, ikajengwa kushoto kulia, kulia kushoto. Kibaraza kilichokuwa kitazame barabara kikatazama uani kwa jirani, na jirani mwenyewe alikuwa muuguzi, naye hajaolewa. Yule karani alikuja ofisini kutugombeza mara moja tu. Baada ya hapo tukaona kimya, halafu tukaona kadi ya harusi. Mzee Anselmi alikula pilau siku ile, akajifuta mdomo, akaniambia, "Hii ndiyo kazi yetu bora, na tuliifanya kinyumenyume." Lakini nyie msijaribu. Kabla ya kutoa nakala angalieni maandishi kwanza. Wake wauguzi hawapatikani kila kiwanja.

Sasa Deo. Deo alikuja kompyuta zilipokuwa zimeshashika ofisi nzima. Wazazi wake ni Wangoni wa Songea, ila yeye alizaliwa na kukulia Temeke, kwa hiyo Ungoni wake ulikuwa wa kwenye jina. Alikuwa na shahada nzuri na moyo mwepesi, na aliota kwa sauti kama mimi. Ndiyo maana tulipatana. Alikuwa anataka kuajiriwa katika ofisi moja kubwa ya Dar. Wale walikuwa wamemwambia, ulete picha ya jengo lako lililosimama. Mchoro hawakuutaka, walitaka jengo. Na walitaka kabla mwaka haujaisha. Kwa hiyo kila mteja aliyepanda ile ngazi yetu mbovu, Deo alimtazama kama mvuvi anavyotazama maji.

Akapanda Zuhura. Zuhura alikuwa mama lishe pale sokoni Chikongola, na sisi wa ofisini tulikuwa tukila wali wake kila mchana. Siku hiyo alikuja bila sinia. Alikuwa na kiwanja kidogo Likombe na mikorosho aliyoachiwa na baba yake huko Mpapura.

"Nataka nyumba ya mama," akasema.

Akatueleza. Mama yake, Bi Mwanahawa, alikuwa akilima mpunga bondeni, karibu na mdomo wa Ruvuma. Mwaka mmoja mto ulipanda ukaichukua nyumba yake yote, hata kizingiti haukuacha. Tangu hapo akawa anakaa Mpapura kwa Hamisi, mtoto wa kaka yake.

"Hawamtesi," Zuhura akasema. "Wanamtunza vizuri. Ila mama amekuwa mtu wa kuomba ruhusa ya kuchemsha maji." Akaongeza, "Nataka kabla hajafa alale kwake."

Deo alikuwa ameshafungua kompyuta.

Bi Mwanahawa mwenyewe tulimwona alipoletwa kuangalia kiwanja. Mwembamba, mrefu, na kama wengi wa rika lake huku kwetu, Kiswahili chake kina N nyingi. Akamwuliza Deo kabila lake.

"Mngoni, Bibi."

"Nngoni!" Akapiga makofi. "Babu zako waliwakimbiza babu zangu mpaka wakalala juu ya miti. Leo unakuja kunijengea nyumba? Basi hiyo ni fidia. Usiniletee na nkataba."

Kusini hapa Mngoni ni mtani wa karibu kila mtu, lakini Deo wa Temeke hakujua. Akainamisha kichwa akasema kwa huzuni kabisa, "Bibi, naomba radhi kwa niaba ya wazee." Mimi na Zuhura tulishikana mikono tusianguke. Bi Mwanahawa alimtazama, akaniuliza, "Huyu ntoto wamemlea wapi?"

Ile ramani, jamani, ilikuwa nzuri. Nyumba yote ilikaa chini ya paa moja tu, limeinuka upande mmoja kama bawa la mwewe anapogeuka hewani. Chini yake vyumba, jiko, uani penye kivuli, na banda la kuku, maana Mzee Anselmi alikuwa amemfundisha na yeye. Kwenye kompyuta Deo aliliwekea jua la asubuhi. Zuhura aliifanya ile picha uso wa simu yake, akawa anawaonyesha wateja wake sokoni, huku anapakua maharage kwa mkono mmoja. Mzee Anselmi aliitazama kwa muda mrefu.

"Nzuri sana," akasema. "Na msimu ukiwa mbaya?"

Deo akadhani anauliza habari za mvua, akamwonyesha mifereji ya paa.

Mgeni akipita Likombe anaweza kudhani kuna vita ilipita. Mapagale kila upande: kuta bila paa, nondo zimechomoza, mpapai umeota sebuleni. Siyo vita. Ni misimu. Huku kwetu nyumba hujengwa kwa korosho. Msimu huu unachimba msingi, ujao unanyanyua kuta, mwingine unapaua, na ukikosa msimu mmoja unasubiri. Pagale ni nyumba iliyokaa kitako kungoja maua. Sasa paa la Deo lilikuwa haliwezi kusimama mpaka kuta zote zisimame, za mwanzo na za mwisho, zote kwa pamoja. Na mwaka ule ubwiriunga uliingia kwenye mikorosho, ule ugonjwa mweupe kama unga, maua yakakauka yangali mtini. Zuhura alikuwa na uwezo wa kufika kwenye jamvi na tofali chache, basi.

Hapa lazima nisimame kwenye hilo neno, maana ndilo lililotuchezea. Mnajua mafundi wanavyosema. Ile sakafu ya zege inayofunika msingi, kabla kuta hazijapanda, wao wanaiita jamvi. "Leo tunamwaga jamvi." "Jamvi limekauka vizuri." Mimi nimelisikia neno hilo miaka na miaka mpaka nikasahau kwamba kuna jamvi lingine, la ukili, linalotandikwa watu wakae.

Zuhura hakutaka kumpa mama yake habari za maua yaliyokauka. Akatafuta habari njema, akapiga simu Mpapura: "Mama, huku kwako jamvi tayari. Limependeza!"

Asubuhi moja baada ya simu hiyo tulikuwa kiwanjani mimi, Deo na fundi Saidi. Saidi alikuwa analimwagia jamvi maji kama mtu anayemwagilia mchicha, kwa kuwa zege changa lisiponyweshwa hupasuka. Deo amenuna. Picha ya kupeleka Dar alikuwa haioni tena.

Bajaji ikaingia. Kwanza tuliona miguu ya kitanda imechomoza ubavuni. Halafu kinu. Halafu jogoo. Mwisho akashuka Bi Mwanahawa, kanga mpya doti nzima, wanja machoni. Akamwamuru dereva ashushe vitu. Yeye akavua ndala, akazishika mkononi, akapanda juu ya lile zege kwa heshima zote, kama mtu anayeingia ndani. Akatandika mkeka kwenye pembe ya mashariki, akakaa, akanyoosha miguu. Akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Nngoni."

"Naam, Bibi."

"Kuta mmezificha wapi?"

Saidi aligeuka na mpira wa maji mkononi, jogoo akaloa chapachapa.

"Bibi, kuta bado," Deo akasema.

"Zuhura kaniambia jamvi tayari."

"Ndiyo, Bibi. Ndilo hilo umelikalia."

Bi Mwanahawa akaufunua mkeka, akalipapasa zege kwa kiganja. "Hili jiwe ndilo jamvi?"

"Mafundi wanaliita hivyo."

"Basi mafundi mna dhiki ya maneno. Jamvi hutandikwa. Ntu akiniambia jamvi tayari, mimi najua kazi imekwisha, chakula kinapakuliwa."

Wa kwanza kucheka alikuwa yeye. Alicheka mpaka kanga ikamteleza kichwani, Saidi akacheka mpaka akachutama, na mimi machozi yalinitoka. Zuhura, aliyeitwa na dereva wa bajaji, alifika anakimbia, mwiko bado mkononi. Akaona kitanda, akaona kinu, akaelewa. Yeye hakucheka.

"Mama, nisamehe. Twende nikurudishe kwa Hamisi, kuta zikisimama nakuja kukuchukua mwenyewe."

"Sirudi."

"Mama..."

"Nimeshaaga, Zuhura. Nimewapa mikono wote, mpaka nke wa Hamisi niliyekuwa nimenuniana naye. Nimewaambia nakwenda kwangu. Wamenisindikiza mpaka barabarani. Sasa jioni nirudi niwaambie nimesahau nini? Ndala?" Akazitazama ndala zake. "Ntu haagi mara mbili kwa safari moja."

 Jogoo akajikung'uta maji.

Akaenda kukaa kwa Zuhura, kwenye chumba kimoja cha kupanga, na wajukuu. Kitanda hakikuingia, kikasimamishwa nje ukutani. Jiko lilikuwa la wapangaji wote, kwa hiyo Bi Mwanahawa akawa tena mtu wa kusubiri zamu ili achemshe maji. Zuhura alipokuja ofisini na sinia mchana uliofuata, macho yake yalikuwa mekundu, na Deo hakumaliza wali.

Alikaa mbele ya kompyuta muda mrefu, halafu akaniita. "Dada Somoe, kwa nini alikaa ile pembe?"

"Ipi?"

"Ya mashariki. Ramani hajawahi kuisoma. Kiwanja kizima kilikuwa wazi, akaenda kukaa palepale nilipochora chumba chake."

"Kwa hiyo ulipatia," nikamwambia. "Mchoro wako ni sahihi. Tatizo umeuanzia kwenye paa, na yeye ameuanzia kwenye mkeka."

Sikusema kwa hekima yoyote, niliropoka tu, nilikuwa nakula. Lakini Deo aligeukia kioo, akalishika lile paa la mwewe, na akalifuta, jicho moja amelifumba kama mtu anayechomwa sindano.

Alichofanya baada ya hapo nitawaeleza polepole, maana hiki ni kitu cha kushika. Zile tofali ambazo zingeizunguka nyumba nzima mpaka usawa wa magoti zinatosha kusimamisha chumba kimoja mpaka juu. Wote tunalijua hilo, lakini hatulifanyi kwa sababu ramani inatuambia tuizunguke nyumba. Deo akaigawanya nyumba ili kila msimu uache kitu kilichokamilika, kinachofungwa na kukalika. Kwanza chumba cha Bi Mwanahawa, kibaraza chake na jiko dogo nyuma, kwa tofali hizo na mabati machache ambayo faida ya wali ingeweza kununua. Msimu ujao chumba cha Zuhura. Kisha cha watoto. Kisha sebule, ya mwisho kabisa, kwa kuwa sebule ni ya wageni na wageni wanaweza kusubiri.

Kazi ngumu ilikuwa mapaa. Mkipaua chumba cha kwanza chini, cha pili kitakosa pa kushika, na maji yote ya mvua yatakutana hapo katikati yaingie ndani. Deo akakipa chumba cha kwanza kimo kikubwa kuliko vyote, ili vijavyo vije kujibanza chini ya mabati yake kama vifaranga. Pembeni mwa ukuta Saidi akaacha tofali moja imetoka, moja imeingia, kama meno, ukuta ujao uje kuuma hapohapo. Na palipokuwa pawe mlango wa kwenda chumba cha pili wakaweka lenta kabisa, ule mkanda wa zege unaobeba tofali za juu ya mlango, wakapaziba kwa tofali zisizobana, za kubomoa kwa nyundo ndogo bila kuitisha kijiji.

Siwafichi, Deo aliumia. Chumba kiliposimama alisogea nyuma, akakitazama kwa simu yake, akasogea tena, akakitazama kwa upande mwingine.

"Nikipeleka picha hii Dar," akasema, "watadhani nimechora banda la kuku."

"Banda la kuku umelichora zuri zaidi," Saidi akamjibu kutoka juu ya kenchi za paa.

Akaipeleka hivyohivyo. Chumba kirefu, chembamba, kina meno ubavuni. Wale wa Dar hawakujibu. Sijui kama hawakuipenda au hawakuifungua. Alikuwa mnyonge siku kadhaa, anapanda ile ngazi yetu bila hata kuitukana.

Msinielewe vibaya, wadogo zangu. Ghorofa siyo dhambi. Kama mmejaliwa kuchora maghorofa, choreni, na muweke ngazi zenye vidato sawa. Na asije mtu akawadanganya kwamba sifa za mtaani zinalipa pango. Mzee Anselmi alimlipa Deo, na Zuhura alimlipa Mzee Anselmi, kidogokidogo kama alivyokuwa akijenga, na ndivyo inavyotakiwa. Kazi ya moyo nayo ni kazi. Deo hajatajirika. Yuko hapahapa Mtwara, ana pikipiki inayozima kwenye vilima, na watu wanakuja kumwomba "nyumba ya kuanza" kama ile ya Likombe. Mafundi wengine wameiga lile paa la juu bila kumwuliza, na kila akiliona mahali analalamika kwamba wamelikosea pembe, huku anatabasamu.

Ninachojua mimi ni kidogo. Mnapohitimu mnapewa kipimo cha kupimia kazi zenu, na kipimo hicho ni macho ya watu wanaopita nje. Picha hupigwa kutoka nje. Zawadi hutolewa kutoka nje. Hakuna anayewafundisha namna ya kujua kama jengo limefaulu kwa yule aliyeko ndani, na yeye mara nyingi hana maneno ya kuwaambia. Mimi nilijifunza siku Bi Mwanahawa alipohamia. Kwa mara ya pili, ndiyo, ila safari hii bila kumuaga mtu.

Tulikwenda wote. Saidi alibeba kinu, Zuhura masufuria, mimi jogoo, na Deo godoro kichwani. Bi Mwanahawa alitangulia na mkeka wake kwapani na birika mkononi. Akapanda kibarazani, akaugusa mlango kwa vidole, akausukuma, akaingia. Sisi tukawa tunamfuata nyuma. Tulipofika kibarazani mlango ukafungwa, na tukasikia komeo linapita. Kra.

Tukatazamana. Deo akanong'ona, "Fundi, lile komeo linarudi lenyewe?"

"Sikulifunga mimi hivyo," Saidi akasema.

Deo akausukuma mlango kwa goti. "Bibi! Mlango umekwama?"

"Haujakwama," ikajibu sauti kutoka ndani.

"Sasa mbona haufunguki?"

"Nani huko nje?"

"Sisi, Bibi."

"Sisi ndiyo nani?"

Zuhura akaelewa kabla yetu. Aliweka masufuria chini taratibu, akajiziba mdomo kwa upindo wa kanga, mabega yanatikisika, na sikuweza kujua analia au anacheka.

"Ni mimi Deo, Bibi. Niliyeichora hiyo nyumba."

"Nngoni wewe, ndivyo mlivyo. Mnavamia tu. Kwenu hamna hodi?"

Deo akasimama wima, godoro likiyumba kichwani. Akakohoa kusafisha koo. Nilimwona uso unambadilika polepole, kama wa mtu aliyeitwa jina lake mbele ya watu wengi.

"Hodi," akasema.

Kimya. Ndani tulisikia mkeka unatandikwa.

"Hodi hapa."

Kimya tena.

"Hodi, wenyewe!"

"Ngojeni kwanza," Bi Mwanahawa akajibu, bila haraka yoyote. "Hodi gani za kufukuzana? Ntu yuko kwake, anachemsha maji."

Tukangoja.